Tela la kuoshea mazulia: lipi la kununua kwanza, lipi la kuliacha

Mtu akitaka kuingia kwenye kazi ya kuosha mazulia huku Marekani, cha kwanza anaulizia mashine. Prochem au HydraMaster? Mpya au iliyotumika? Mimi humrudisha nyuma kidogo: gari lako linavuta uzito gani, na hilo tela litalala wapi usiku? Ukishajibu hayo mawili, nusu ya uamuzi umeshafanyika. Toyota Sienna, gari tulilolizoea wengi wenye watoto, mwisho wake ni pauni 3,500. RAV4 ya haibridi, kwa matoleo mengi, ni 1,750 tu. Namba hizo ni za kila kitu kwa pamoja: tela lenyewe, mashine, maji, mipira ya maji na ya kunyonyea, dawa na petroli. Tena boksi refu lina shida yake ya upepo. Pauni 3,000 za tela la boksi hazivutiki sawa na pauni 3,000 za tela la wazi lililobeba mchanga.

Kinachosahaulika ni maji. Galoni moja ina pauni 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 100 likijaa ni pauni 830. Sasa chukua tela linalouzwa sana, la futi 6 kwa 12 lenye ekseli moja. Kibandiko chake kitasema mwisho wa uzito wote ni 2,990, kwa sababu majimbo mengi yanadai breki za tela kuanzia pauni 3,000, na watengenezaji wanajua kusimama hatua moja kabla ya mstari. Likiwa tupu lina kama 1,300. Umebakiwa na 1,700. Weka mashine ya injini ya pauni 700, weka tangi lako la 830, halafu uanze kupakia rili za kuzungushia mipira, feni, madumu ya dawa na msaidizi wako anayependa kubeba kila kitu. Umeshapita.

Ndiyo maana naanza kuyapanga kwa uzito, chapa baadaye.

Nafasi ya kwanza: futi 6 kwa 12, ekseli mbili, mashine ya injini iliyotumika

Hili ni la mwenye pikapu au gari linalovuta pauni 6,000 kwenda juu. Tela la ekseli mbili kwa kawaida linaruhusiwa hadi pauni 7,000 na linakuja na breki zake za umeme, kwa hiyo hakikisha gari lina kidhibiti cha breki mbele ya dereva.

Mashine ya injini ni mtambo mzima kwenye fremu moja. Injini ya petroli inazungusha blowa inayonyonya na pampu inayosukuma maji, na joto la injini halipotei bure, linapitishwa kwenye maji hadi yatoke karibu nyuzi 90 za Selsiasi. Haikuombi umeme wa mteja. Kwetu hilo ni kubwa, kwa sababu kazi inayolisha wengi ni apatimenti ambazo mpangaji ameshahama: umeme wakati mwingine umekatwa, meneja anataka zulia liwe kavu kesho asubuhi, na chumba kiko ghorofa ya tatu. Unaliacha tela chini, unapandisha mpira wa futi 150 kwenye ngazi, na bado blowa inanyonya vya kutosha. Mashine ya magurudumu, ile ndogo ya kusukuma inayotumia umeme wa mteja, kwa umbali huo inabaki kupiga kelele tu.

Mpya inaweza kukugharimu dola 15,000 au zaidi sana. Iliyotumika inapatikana kwa nusu ya hiyo, ila usiinunue ikiwa imezimwa. Mwambie muuzaji aiwashe ikiwa baridi, na uguse injini kabla hajaiwasha. Ikiwa ya moto, amekuandalia. Ziba mdomo wa kunyonya kwa kiganja au kizibo na uangalie geji ya mnyonyo: blowa yenye afya inafika inchi 12 hadi 14 za zebaki bila kukoroma. Kisha ioshee kitu kwa nusu saa mfululizo na upime joto la maji yakiwa yanatoka kwenye fimbo ya kuoshea. Maji yaliyosimama ndani ya mashine huwa ya moto siku zote. Yanayotiririka ndiyo yanayosema ukweli. Mita ya saa za injini isome, lakini iamini kwa kiasi. Muulize pia huwa anailainisha blowa vipi mwisho wa siku. Akikuangalia kama hajaelewa swali, kata bei au ondoka.

Sasa mpangilio, maana hapa ndipo tela zuri linapoharibiwa. Shingo ya tela, ile sehemu ya mbele inayoungana na gari, inatakiwa ilalie gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Asubuhi unatoka na tangi la maji safi limejaa, la maji machafu tupu. Jioni ni kinyume. Kama umeweka maji safi mbele ya ekseli na machafu nyuma kabisa karibu na mlango, ina maana mamia ya pauni yamehama kutoka mbele kwenda nyuma ukiwa kazini. Unarudi nyumbani shingo ikiwa nyepesi, na ukifika maili 60 kwa saa mkia unaanza kucheza. Hapo hata kukanyaga breki kwa pupa ni hatari. Matangi yote mawili yakae juu ya ekseli, bega kwa bega, na yawe na vizuizi ndani vya kuzuia maji kuyumba. Mashine ikae mbele kidogo ya ekseli, ikitazama mlango wa pembeni, ili uifikie bila kupanda ndani. Boliti zipite mbao za sakafu na kushika chuma cha fremu. Sakafu peke yake haiwezi kushikilia mtambo huo siku gari likisimama ghafla.

Hewa nayo. Injini ndani ya boksi inatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inatoa joto la kuikaanga yenyewe. Ekzosi itoke nje kabisa ya boksi, upande usioelekea mlango wa mteja wala madirisha yake. Milango iwe wazi kila injini inapounguruma, na paa liwe na tundu la hewa lenye feni. Bandika kengele ya kaboni monoksidi ukutani, ni dola chache. Dumu la petroli lisikae ndani.

Kuhusu mlango wa nyuma, wauzaji hupenda kukusukumia wa rampu. Kwa kazi hii mimi nachukua milango miwili ya kufunguka kama kabati. Rampu inadai nafasi nyuma ya tela, na kwenye maegesho ya apatimenti nafasi hiyo hupewi.

Nafasi ya pili: tela dogo na mashine ya magurudumu

Mwenye Sienna aanzie hapa bila kuona haya. Tela la futi 5 kwa 8 au 6 kwa 10, mashine ya kusukuma yenye pampu ya pauni 500 kwa inchi ya mraba na hita yake, mipira ya futi 50, basi. Maji unachukua kwa mteja, kwa hiyo hubebi tangi. Seti nzima unaweza kuipata chini ya dola 8,000, na viti vya watoto havinuki zulia la mbwa wa mtu mwingine.

Kinachokubana ni umeme. Soketi ya kawaida huku ni volti 120 na ampea 15, yaani wati 1,800, na kwa matumizi ya muda mrefu usipite 1,440. Kule nyumbani Afrika Mashariki soketi moja ya volti 240 inabeba karibu wati 3,000, ndiyo maana aliyezoea Nairobi au Dar anashangaa fyuzi zikiruka. Mashine nzuri zina nyaya mbili, na nyaya hizo lazima ziende kwenye saketi mbili tofauti. Moja ichomeke jikoni, nyingine bafuni. Huko mara nyingi saketi ni za ampea 20. Waya wa kuongezea uwe mnene, geji 12, hata kama muuzaji anakuonyesha mwembamba wa bei rahisi.

Kwa ofisi za katikati ya mji na majengo marefu, seti hii inaishinda hata ile ya kwanza. Tela huwezi kuliegesha mlangoni, na hakuna mpira unaofika ghorofa ya 12.

Nafasi ya tatu: tela la mtu aliyeacha kazi

Hapa ndipo penye bei tamu na mitego mingi. Mashine, mipira na rili vimeshafungwa, unavuta unaondoka. Lala chini uangalie sakafu kwa tochi kutoka chini, hasa chini ya tangi la maji machafu: mbao iliyolowa miaka mingi inabonyea kwa bisibisi. Angalia kama matairi yameisha upande mmoja, dalili ya ekseli iliyopinda kwa kubebeshwa kupita kiasi. Dai hati ya umiliki na ulinganishe namba ya fremu iliyoandikwa humo na ile iliyochapwa kwenye chuma, maana matela ya boksi yanaibwa sana. Vikipatana vyote, ofa hii inaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza.

Nafasi ya nne: seti mpya iliyofungwa kiwandani, kwa mkopo

Ni nzuri, imefungwa na watu wanaojua. Lakini rejesho la kila mwezi halisubiri Januari ipite, na Januari mazulia ni machache. Mwenye mikataba ya apatimenti mkononi aichukue. Anayeanza na kadi za biashara tu, asubiri.

Ya mwisho: mashine ya magurudumu na jenereta, vyote ndani ya boksi

Hii nimeiweka ili uikatae. Unalipa uzito wa jenereta, unaongeza moshi ndani ya boksi, na bado unapata mnyonyo mdogo wa mashine ya umeme. Kama ni lazima jenereta, ikae nje, kwenye shingo ya tela.

Yanayobaki, kwa chaguo lolote

Wa Minnesota na Maine: maji yakiganda ndani ya pampu yanaipasua, na usiku mmoja unatosha. Ama tela lilale kwenye gereji yenye joto, ama ulikaushe na kuzungusha dawa ya kuzuia kuganda kila jioni. Hita ndogo ya umeme ndani ya boksi lenye kuta nyembamba haiaminiki.

Maji machafu usiyamwage kwenye mfereji wa barabarani. Mifereji hiyo mara nyingi inaenda moja kwa moja mtoni, na sheria ya shirikisho ya maji safi ya mwaka 1972 inakataza. Yachuje nyuzi na uyamimine chooni kwa mteja kwa ruhusa yake, au kwenye bomba la maji taka nyumbani kama mji wako unaruhusu.

Uliza pia maegesho kabla ya kulipa. Apatimenti nyingi na mitaa yenye kamati za wenye nyumba hazitaki matela, na kukodi uwanja ni gharama ya kila mwezi. Na bima ya gari kwa kawaida haiangalii mashine iliyo ndani ya tela. Hiyo inataka bima yake ya vifaa, iandikwe kwa thamani ya mtambo wote pamoja na mipira, maana mipira ya futi 200 ikiibwa ndipo utakapojua bei yake.