Blenda ya mkono ya elfu 55 kwa matunda ya mtoto, baada ya miezi mitano

Niliinunua Kariakoo mwezi wa kumi mwaka jana, elfu 55 baada ya kubembelezana sana na muuzaji aliyeanzia elfu 70. Blenda ya mkono ya wati 400, mguu wa chuma unaochomoka, kikombe chake cha plastiki chenye vipimo na basi, hakuna mbwembwe nyingine. Mwanangu alikuwa anatimiza miezi sita mwezi wa kumi na moja na mimi nilisharudi kazini siku nyingi maana likizo ya uzazi ni siku 84 tu zikiisha zimeisha, kwahiyo mchana anayemlisha ni dada. Nilichotaka ni kwamba Jumapili jioni nisage matunda ya siku kadhaa niweke friza, dada kazi yake iwe kuyeyusha na kumlisha tu. Sasa nimeitumia miezi mitano na kila mama anayeingia jikoni kwangu akiiona anauliza kama inafaa, kwahiyo naisema yote hapa, mazuri yake na yaliyonikera. Maana naona wamama wanaambiwa wanunue mashine za bei mbaya mtoto hata hajaanza kula, na kuna kitu muuzaji hawezi kukuambia, kwamba nusu ya matunda yetu hayahitaji mashine kabisa.

Nianze na pale inapostahili sifa, epo na peasi. Epo bichi ni gumu jamani, mtoto wa miezi sita usimpe, hata ukilikwangua kwenye greta vile vipande vinaweza kumpalia, lazima lipikwe. Mi namenya, natoa kokwa lote la katikati na mbegu zake, nakatakata vipande vidogo, naweka kwenye kisufuria na maji vijiko vitatu vinne tu, nafunika, moto mdogo dakika kumi hivi mpaka uma unazama bila kuusukuma. Yale maji usimwage, ndo ya kusagia. Naacha yapoe kidogo, namimina kwenye kikombe, nazamisha kichwa cha blenda chote kwanza ndo nabonyeza batani, na siinyanyui mpaka isimame, ukiinyanyua inazunguka utapaka ukuta mzima epo la moto. Bonyeza achia, bonyeza achia, sekunde ishirini tu imeisha. Rojo linatoka laini linang'aa, ukilichota na kijiko ukakiinamisha linateremka polepole halimwagiki kama maji, na ukilipitisha kati ya ulimi na kaakaa hukuti punje. Uzito huo ndo ninaoutaka kwa mtoto anayeanza. Peasi za Lushoto zikiwa zimeiva zile za kubonyea ni dakika tano tu kwenye moto, na ni tamu zenyewe, mwanangu alizipenda kuliko epo, alikuwa anafungua mdomo kabla kijiko hakijafika.

Nyumbani tuna blenda kubwa ya jagi ya kutengenezea juisi na mwanzoni mume wangu aliniuliza hii nyingine ya nini. Nikamwonyesha. Weka epo mbili kwenye lile jagi uone, visu vinazunguka hewani matunda yote yamepanda pembeni, unazima, unakwangua na mwiko, unawasha tena, unakwangua, mwisho unakata tamaa unaongeza maji ili lisage, na hapo umeshaharibu chakula cha mtoto. Tumbo lake ni dogo, mwanzoni anakula vijiko viwili vitatu tu, sasa ukimjaza maji atashiba na hajala kitu. Hii ya mkono inasaga hata tunda moja. Halafu usafi, mguu unauchomoa unausugua na maji ya moto na sabuni dakika moja umemaliza, wakati lile jagi lina mpira pale chini unaoficha mabaki, mimi niliufungua siku moja nikakuta ukungu mweusi umezunguka duara lote. Juisi ya watu wazima tulikuwa tunakunywa humo, lakini kwa mtoto wa miezi sita hapana aisee, nilishtuka kweli.

Sasa embe. Mwezi wa kumi na mbili embe zimejaa kila kona, nikabeba ndoo nzima ya zile ndogo za nyuzi kwasababu zilikuwa bei poa na zinanukia vizuri sana. Nikamenya nikatia kwenye kikombe nikabonyeza. Ikaenda sekunde chache nikasikia mlio umebadilika, umekuwa mzito kama gari linapanda mlima, harufu ya kuungua ikaanza, nikaachia batani nikachomoa plagi ukutani. Kuangalia chini ya kisu nyuzi zimejisokota pale shinani zimekaza, kifundo cha njano kama uzi uliokwama kwenye cherehani. Nilikaa na kijiti cha meno karibu nusu saa nikizitoa uzi mmoja mmoja. Ilipona, lakini toka siku hiyo embe za nyuzi haziingii kwenye blenda yangu, nazikwangua na kijiko naminya kwenye chujio la chuma la chai, nyuzi zinabaki juu, rojo linashuka chini safi kabisa. Dodo na bolibo hazina shida, nyama yake ni laini, tena zikiiva vizuri hata blenda huihitaji. Na tafadhali sana, kabla hujapeleka kidole kwenye kile kisu chomoa plagi kwanza, usiseme nimeshaachia batani inatosha, batani iko palepale unaposhikia.

Turudi kwenye lile muuzaji asiloweza kukuambia. Papai lililoiva, parachichi, ndizi kisukari, haya ni ya uma na bakuli. Mimi nilijaribu yote kwenye blenda wiki ya kwanza kwasababu ilikuwa mpya na nilitaka ifanye kazi. Ndizi ikisagwa sana inakuwa inanata kama gundi, mtoto anaihangaikia mdomoni haimezeki. Parachichi linanasa kwenye kikombe na chini ya kisu, robo yake unaiosha kwenye sinki, na parachichi la Mbeya siku hizi si la kupoteza. Ukiponda na uma dakika moja tu, na kama ni kavu unalegeza na maziwa yako kidogo uliyokamua, mtoto anasikia ladha anayoijua. Papai ndo rahisi kuliko yote, unakata, unatoa mbegu, unalichota na kijiko upande wa katikati pale laini na kulikandamiza tu, halihitaji maji wala moto. Na papai na embe lile lenye rangi ya chungwa yana vitamini A, ndo maana nayapa nafasi kubwa, ingawa matone ya kliniki ya miezi sita yako palepale, usiache kumpeleka kisa anakula papai.

Kuhusu kugandisha, nilinunua trei mbili za barafu za silikoni zenye kifuniko, elfu 6 kila moja, na ndizo zimefanya hii blenda iwe na maana. Tundu moja ni kama vijiko viwili vya chakula. Jumapili nagandisha epo, peasi na embe, yakishakuwa mawe nayahamishia kwenye mfuko msafi naandika tarehe kwa kalamu ya wino, naweka mwisho wangu ni mwezi mmoja. Asubuhi nashusha vipande viwili kwenye friji, mchana dada anaweka kibakuli juu ya maji ya moto basi. Vilivyoyeyuka havirudi friza, na alivyoonja na kijiko vikabaki vinamwagwa, mate yakishaingia pale havihifadhiki tena. Hili nilimwambia dada siku ya kwanza na nikamweleza sababu yake, sikumwamrisha tu, na amelishika vizuri kuliko mimi. Umeme ukikatika muda mrefu tukakuta vimelegea vimekuwa maji, tunatupa vyote. Inauma ukifikiria Jumapili nzima imeenda lakini tunatupa. Ndizi na parachichi sigandishi, vinabadilika rangi na ladha, na vinapondwa papo hapo kwa nini nihangaike.

Yaliyonikera sasa. Plagi ilikuja ya pini mbili za duara na soketi zetu ni za pini tatu bapa, muuzaji akanipa adapta ya bure iliyolegea, siku ya pili ilitoa cheche dada akaogopa kuigusa, nikampa fundi wa mtaani elfu 3 akafunga plagi mpya. Karatasi ya maelekezo yote Kichina, nilichoelewa ni mchoro wa saa yenye namba 1, na nimekuja kushika kwamba ndo kusema usiiendeshe zaidi ya dakika moja mfululizo, ipumzishe, ukiiendesha zaidi kile kishikio kinapata moto mpaka unahisi mkononi. Na waranti ya mwaka mmoja niliyoahidiwa, niliporudi mwezi wa pili batani imeanza kukwama wakaniambia kadi haina muhuri hawawezi kusaidia. Muhuri walitakiwa wagonge wao siku nanunua! Nilitoka pale nimeumia sana maana nililipa hela yangu yote taslimu bila kusumbua mtu. Batani niliisafisha mwenyewe na pamba yenye spiriti, ilikuwa imeingia sukari ya matunda pembeni, inafanya kazi mpaka leo. Ila ukinunua simama pale dukani, ichomekwe iwashwe mbele yako, na usitoke bila muhuri na risiti.

Kuna mtu ataniuliza kwanini nisinunue vile vifuko vya supamaketi vya mtoto kunyonya. Nilinunua kimoja tukiwa safarini kwenda Moshi, mbele kimeandikwa embe kwa herufi kubwa, nyuma nikasoma kitu cha kwanza kwenye orodha ni epo, embe imekuja ya tatu. Kwa bei ya kile kifuko kimoja napata papai zima na chenji inabaki. Safarini sawa vinasaidia, lakini kila siku mtoto anyonye tu hajifunzi kula kwa kijiko. Na hapohapo niseme na ile tabia ya kusaga matunda mpaka yawe maji halafu unatanua tundu la chuchu ya chupa anamiminiwa, nimeiona kwa jirani na niliumia, mtoto anaweza kupaliwa. Juisi nayo kabla ya mwaka mmoja mimi simpi, hata ya kukamua mwenyewe. Sukari siweki, chumvi siweki, na asali hata tone kabla ya mwaka mmoja hapana kabisa, asali inaweza kubeba vimelea vya ugonjwa unaolegeza misuli ya mtoto mchanga mpaka kupumua kunakuwa kazi. Mama mkwe alikuja na kichupa cha asali ya Tabora safi kabisa kwa upendo wake, nikamshukuru nikamwambia mama hii tunaitunza mjukuu akifika mwaka tunampa, akaelewa, iko kabatini.

Alipofika miezi minane nilipunguza blenda. Nesi wa kliniki aliniambia nisimzoeshe laini sana muda mrefu atakuja kukataa chakula chenye punje, kwahiyo epo nikawa nalipika hivyohivyo nalikandamiza na uma tu liwe na mabonge madogo. Wiki ya kwanza alikuwa anatema na kukunja uso, tukaendelea polepole. Na kitu kingine alichoniambia nesi, matunda peke yake hayatoshi, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inapungua kuanzia miezi sita na matunda hayana chuma cha kutosha. Ndo blenda ikapata kazi nyingine, maini. Mara moja kwa wiki nachemsha kipande kidogo cha ini la ng'ombe na kiazi kitamu mpaka viive kabisa, nasaga na supu yake, siku zingine maharage niliyoyachemsha yakalainika au dagaa niliowatoa vichwa na kuwaosha vizuri mchanga, halafu baada ya hapo ndo anapewa embe au papai maana vitamini C ya matunda inasaidia mwili kuchukua chuma kilichopo kwenye maharage. Dagaa waliosagwa na hii blenda hawana hata mwiba mmoja unaoshikika kidoleni, nimeangalia mara nyingi.

Kwahiyo kama mtoto wako bado ana miezi minne mitano na hela ni ya kubana, usikimbilie Kariakoo, anza na uma, bakuli na chujio la chuma, msimu wa embe na papai utakubeba vizuri tu. Kama unafanya kazi na unataka kupika mara moja ugandishe, au mtoto anaanza kula msimu ambao epo na peasi ndo unazopata, nunua, elfu 55 yake imenirudia. Mi nikipoteza hii leo nanunua nyingine ya aina hiyohiyo yenye mguu wa chuma, usikubali wa plastiki unaochubuka na maji ya moto, ila naenda duka jingine na plagi naiangalia kabla sijatoa hela.