Marekani: Kumuasili Mjukuu au Ulezi wa Kisheria Wenye Ruzuku?

Kwa fedha, bibi unayemlea mjukuu, hupotezi sana ukichagua ulezi: tangu sheria ya 2008, majimbo yanaweza kuwalipa ndugu walezi kwa msaada wa serikali kuu, mradi mtoto ameishi kwao miezi 6 mfululizo wakiwa na kibali cha kulea watoto walio chini ya uangalizi wa serikali. Mkataba wa ruzuku usainiwe kabla ya amri ya hakimu.

Kwa uimara, kuasili kunashinda: mtoto anarithi, na ni vigumu kutenguliwa. Lakini kunamfuta mama kisheria, naye ni binti yako wa kumzaa! Ulezi unamwachia umama wake, ingawa anaweza kurudi mahakamani kumdai mtoto.

Binti bado anakuja Jumapili kumsuka mwanawe? Ningeelekea ulezi. Wazazi wametoweka na mtoto ni mchanga? Kuasili. Kwa ulezi wenye ruzuku, mtoto aliyefika miaka 14 lazima aulizwe.