Atlantis ya Plato: chimbuko ni Santorini au Helike?

Hadithi ya Atlantis, kisiwa cha fahari kilichomezwa na bahari, ikitajwa, mabishano ni yale yale: Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyeiandika, aliichota wapi? Wengi husema Santorini, kisiwa cha Ugiriki. Helike husahaulika, na naona haitendewi haki.

Tuanze na wakati. Plato aliandika takriban mwaka 360 K.K. Volkano ya Santorini ilikuwa imelipuka zaidi ya miaka 1,100 kabla yake. Helike, mji wa Ghuba ya Korintho, uliangamizwa na tetemeko na wimbi usiku mmoja wa mwaka 373 K.K., Plato akiwa mtu mzima. Tena ulisifika kwa ibada ya Poseidon, mungu wa bahari, yule yule wa Atlantis! Hapo Santorini haifui dafu.

Kwa fahari, mambo yanageuka. Akrotiri, mji wa Santorini uliofukiwa na majivu na kuanza kufukuliwa rasmi 1967, una nyumba za ghorofa, mifereji ya majitaka na michoro ya meli ukutani. Majirani zao wa Krete walimtukuza fahali, kama wafalme wa Atlantis.

Mahali? Zote zinakosa: Plato aliiweka Atlantis ng'ambo ya mlango wa bahari wa Gibraltar.

Ukitaka kuona kwa macho, nenda Akrotiri. Magofu yameezekwa na wageni hupita katikati yake. Ya Helike yaligunduliwa 2001, chini ya udongo wa nchi kavu. Ila kama kiu yako ni kujua mwandishi alisikia nini enzi zake, anzia Helike.