Kipima upepo cha mkononi: uzoefu wangu baada ya miezi 8 kilimani

Nianze na kwa nini nilinunua. Mimi kwenye paraglaida, lile bawa la kitambaa la kurukia kutoka kilimani, bado mgeni, kozi ya mwanzo nimemaliza ila bado naruka nikiwa na watu wa kuniangalia, na kilima chetu ni kifupi tu lakini upepo wake una visa. Asubuhi unakupiga usoni vizuri, saa tano unaanza kucheza kushoto kulia, saa nane hujui hata unatokea wapi. Kila nikifika nauliza wenzangu leo vipi, huyu anasema ruka, yule anasema kaa, bas nkaona bora niwe na namba zangu.

Kidude chenyewe kinaenea kiganjani, juu kina feni ndogo, kinakuonyesha spidi ya sasa hivi, wastani, na ile ya juu kabisa iliyopita. Kwenye jua kali skrini haisomeki mpaka ukikinge na mwili. Halafu kuna kitufe kimoja tu, ukikishikilia sekunde mbili kinafuta rekodi zote, yani umesimama dakika kumi unapima, kidole kinateleza, unaanza upya. Aliyebuni hicho kitufe sijui alikuwa anawaza nini.

Kosa langu la kwanza nilikuwa nakishika kama simu, nimekilaza ili nisome. Kinaniambia kilomita 13 kwa saa. Mwenzangu pembeni yangu ana cha kwake, kinasoma 19, nikajua changu kibovu. Kumbe feni inatakiwa itazamane na upepo kabisa, ukiilaza namba inashuka. Siku hizi nanyoosha mkono juu ya kichwa, nakigeuza taratibu mpaka namba iwe kubwa kuliko zote, hapo ndo natulia.

Sasa faida yake. Mwanzoni nilikuwa naangalia wastani tu, na wastani unadanganya. Kinachotakiwa ni tofauti kati ya wastani na ile ya juu. Wastani 18 na ya juu 20, huo upepo umetulia. Wastani 14 na ya juu 26, mimi nakaa chini, hata kama 14 inaonekana ndogo. Sababu nguvu ya upepo haipandi sawa na spidi, inapanda kwa mraba wake, ukitoka kilomita 20 kwa saa kwenda 28 nguvu inakaribia kuwa mara mbili, na wewe hapo umeshika bawa zima kwa kamba. Na bawa la mwanafunzi lenyewe linakwenda kama kilomita 36 hivi kwa saa bila kukanyaga spidi, ile kamba ya miguuni ya kuongeza mwendo, kwa hiyo upepo wa 38 ukikukuta juu unarudi kinyumenyume, nyuma ya kilima, kule ambako hewa inajikunja na kuporomoka. Hakuna anayetaka kwenda kule.

Ila kuna siku kilinifundisha adabu. Kilikuwa kinasoma 12, unakuja kutoka mbele, nimeshavaa hanesi, ile mikanda ya kukalia inayofungwa kwenye bawa, nimeshatandika bawa. Mzee mmoja anayeruka hapo miaka mingi akaanza kukunja lake kimya kimya. Nikamwonyesha namba, mzee si unaona 12 hiyo? Hakuitazama hata kidogo, akaniambia angalia vivuli vya mawingu kule chini vinaelekea wapi. Nikaangalia, vinatoka nyuma yetu vinakwenda mbele! Yani upepo wenyewe ulikuwa unatoka nyuma ya kilima, hicho nilichokuwa napima ni hewa tu iliyopashwa na jua inapanda kwenye mteremko, inavuta kidogo, inakata, inavuta tena. Na kweli kile kidude kilikuwa kinashuka mpaka sifuri kila baada ya muda, mimi nikadhani ndo upepo umetulia. Nusu saa haikuisha, utepe wa pale kwenye kijiti ukageuka wote ukaelekea bondeni. Nilikaa kwenye majani nimevaa hanesi yangu kama mjinga.

Kwa hiyo kama unanunua jua hivi: kinapima pale mkono wako ulipo bas. Bawa liko kama mita saba juu ya kichwa chako na huko upepo mara nyingi una nguvu zaidi, na nyuma ya kilima hakioni kitu. Utepe wa kitambaa kwenye kijiti sijauacha, huo unakuonyesha mwelekeo unavyobadilika kabla hata hujawasha kidude.

Nakipa nyota 4. Ile siku ya mawingu sikilaumu, macho nilikuwa nayo mwenyewe. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya kile kitufe.