Karura ya Profesa Wangari: Tathmini ya Matembezi ya Nusu Siku

Kwa mtu anayetaka kumkumbuka Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira aliyefariki tarehe 25 Septemba 2011, Nairobi ina mahali kadhaa pa kwenda. Iko barabara inayoitwa kwa jina lake, ambayo zamani ilijulikana kama Forest Road, na iko ile pembe ya Uhuru Park aliyoipigania mwaka 1989 hadi mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ukasitishwa. Hata hivyo, mwenye nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, namshauri aende Msitu wa Karura. Pale ndipo kazi yake inapoonekana katika pande zake mbili: ile aliyoifanya akiwa raia asiye na cheo, na ile ya miaka aliyokuwa mbunge wa Tetu huko Nyeri, ambayo wengi wetu tumeisahau mapema mno.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi nikiwa na mama yangu mzazi, ambaye mwaka 2002 alikuwa mmoja wa wapiga kura wa Tetu waliompa Profesa asilimia 98 ya kura zao. Tuliingilia lango la Limuru Road. Ada ililipwa kwa simu, foleni ilikwenda upesi, na walinzi walikagua mikoba kwa adabu wakitafuta chupa za plastiki za kutumia mara moja, ambazo tangu Juni 2020 haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa nchini. Njia za ndani ni safi, na penye njia panda pamewekwa vigingi vyenye namba, kwa hiyo hata mgeni akiwa na ramani hapotei. Mama alitembea na mwavuli wake kama mkongojo na hakulalamika hata mara moja, ingawa mteremko wa kuelekea kwenye maporomoko ya maji unateleza kukiwa na unyevu na mzee anahitaji kushikwa mkono.

Msitu una ukubwa wa hekta 1,041, nao umezungukwa na mitaa ya watu wenye uwezo mkubwa, jambo linaloeleza kwa nini ulitamaniwa. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wajenzi binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari alifika langoni na wenzake, wakiwemo wabunge wa upinzani na waandishi wa habari, ili wapande mti. Walinzi wa kukodiwa waliwashambulia, naye akapigwa kichwani. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kusimamishwa kwa ugawaji wa ardhi ya umma.

Hapa ndipo nilipovunjika moyo, na kosa si la msitu. Tulikuwa tumemlipa mwongozaji kutoka kampuni moja ya matembezi, kijana mchangamfu aliyejua ndege kwa majina na aliyetuonyesha mbega weupe wakining'iniza mikia yao juu ya njia, akatueleza kwamba waliletwa kutoka Kipipiri. Juu ya Profesa alikuwa na sentensi mbili tu: alipanda miti, akapata Tuzo ya Nobel. Mama alisimama. "Kijana wangu," akamwambia, "huyo alikuwa mbunge wetu." Yule kijana aliomba radhi, akasema, "Shosho, hilo sikufundishwa." Ningetoa nyota, msitu ungepata 5 na maelezo yale 2, maana kampuni inayotoza watu kwa kuwapeleka Karura ina wajibu wa kuwafundisha waongozaji wake habari za mtu ambaye bila yeye kusingekuwa na Karura ya kutembelea.

Ni habari zisizohitaji muda mrefu kueleza. Wangari aliwania kiti cha ubunge mwaka 1997 akashindwa, akarudi mwaka 2002 akashinda, na kuanzia Januari 2003 hadi Novemba 2005 alikuwa waziri msaidizi wa mazingira. Katika Bunge hilo ndimo ilimopitishwa Sheria ya Misitu ya 2005, iliyowapa jamii zinazopakana na msitu haki ya kuunda vyama na kushirikiana na serikali katika kuutunza. Karura inaendeshwa kwa mtindo huohuo, Huduma ya Misitu ya Kenya pamoja na chama cha Friends of Karura Forest. Uzio wa umeme, njia, kazi ya kuondoa mikaratusi kidogo kidogo na kurudisha miti ya asili, yote yamewezekana chini ya ushirikiano huo, mahali ambapo zamani watu waliogopa kukanyaga kwa sababu ya majambazi. Mgeni anapolipa pale langoni anachangia utaratibu uliotokana na Bunge alimoketi Profesa, na mimi naona heshima ya namna hiyo inampasa mbunge kuliko sanamu.

Hata kwaheri yake ilikuwa ya namna hiyo. Katika mazishi ya kitaifa ya tarehe 8 Oktoba 2011, jeneza lake lilikuwa limetengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi, pasipo mti kukatwa.

Atakayekwenda atenge saa 3 au 4, avae viatu vya kufunga, na afike mapema kabla wakimbiaji na waendesha baiskeli hawajajaza njia. Mapango ya Mau Mau yasirukwe. Sisi tulipokuwa tukirudi, Mama aliweka kiganja juu ya gome la mzeituni mwitu mmoja, lililopasuka kama udongo wa kiangazi, akautaja kwa Kikuyu: mutamaiyu. Mwongozaji alitoa daftari mfukoni, akamwomba autaje tena, polepole, kisha akamwuliza siku ile ya kura huko Tetu ilikuwaje. Tulichelewa kufika langoni kwa karibu saa nzima.