Karani na hakimu: mwajiri mmoja, mishahara kwa njia mbili

Katika mahakama za hakimu nchini Kenya, karani na hakimu huajiriwa na mwajiri yuleyule: Tume ya Huduma za Mahakama, chini ya kifungu cha 172 cha Katiba ya 2010. Tofauti huanzia kwenye hela.

Hakimu ni afisa wa dola (state officer), yaani mwenye cheo ambacho Katiba yenyewe imekiorodhesha hivyo, basi Tume ya Mishahara (SRC) ndiyo humpangia malipo. Karani ni afisa wa umma tu. Kwake yeye, kifungu cha 230 kinaipa SRC kazi ya kushauri. Lakini hakimu naye asijione amefika: kifungu cha 160 kinachokataza malipo kupunguzwa kinamtaja jaji, yule wa mahakama za juu, si yeye.

Kazi sasa. Hakimu husikiliza na kuamua, na lazima awe wakili. Karani hupokea hati, hutunza faili, huita kesi, na mara nyingi ndiye mkalimani wa mshtakiwa anayejua Kikamba au Kiluo pekee. Ukalimani huo, unaoweza kumfunga mtu au kumwachilia, ungestahili posho yake. Kuuhesabu kama kazi ya mezani ni kuwapunja makarani.