Stripi za kupimia dawa kwenye maziwa: uzoefu wangu Kisauni

Nauza maziwa na mala (maziwa ya mgando) hapa Kisauni, Mombasa, na siku hizi sipokei dumu kabla sijachovya stripi, yaani kijikaratasi cha kupimia. Inaonyesha kama maziwa mabichi yana mabaki ya antibiotiki za jamii ya penisilini na tetrasaiklini, na jibu linatoka kwa dakika kama kumi. Jibu husomwa kwa mistari myekundu inayojitokeza kwenye stripi, na wekundu wake ni dhahabu hasa, iliyofanywa chembe za makumi machache ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho huwa nyekundu.

Kilichonifanya ninunue ni mala. Kinachogandisha mala ni bakteria, na maziwa yenye dawa huwaua: unaamka ndoo imelala maji maji, hasara yote yako. Kuchemsha hakukuokoi, maana sehemu kubwa ya dawa hizi hustahimili moto.

Kusoma majibu ndiko kunakowachanganya watu, hasa waliozoea kipimo cha mimba. Hapa mstari ukikoza, maziwa safi. Ukififia au kupotea, kuna dawa. Chembe za dhahabu zimebeba protini inayonasa dawa. Protini ikishanasa dawa iliyo ndani ya maziwa, haina tena nafasi ya kushika kwenye mstari.

Ami anayeniletea kutoka upande wa Kilifi alikuja juu siku mstari wa penisilini ulipofifia. "Mwanangu, karatasi yako ndiyo mbovu." Nikapima tena mbele yake, pamoja na dumu la jirani yake walilokuja nalo. La jirani mistari ikakoza, lake ukafifia vilevile. Akatafakari, kisha akasema kuna ng'ombe alidungwa sindano ya kiwele, na kijana aliyekamua akachanganya maziwa yote. Mmoja tu alitosha: kiwango cha juu kinachokubalika cha penisilini G ni mikrogramu 4 kwa lita. Sasa Ami hunipigia simu mwenyewe ng'ombe akitibiwa, na maziwa yale hayaji mpaka siku alizotaja daktari wa mifugo ziishe. Kwangu hiyo pekee imelipa gharama.

Na gharama ipo. Stripi moja inakula faida ya lita kadhaa, kwa hiyo napima dumu zima, sipimi ng'ombe mmoja mmoja. Zangu zinakaa kwenye friji, na kwa unyevu wa Mombasa wakati wa masika kopo likiachwa wazi umezitupa. Tena hazikwambii dawa ni kiasi gani, na dawa za jamii nyingine zinapita bila kuonekana.

Kuna aliyeniletea maji ya kisima nimpimie, nikamrudisha. Hizi ni za maziwa, na dawa kwenye maji mara nyingi huhesabiwa kwa nanogramu kwa lita, ndogo mara elfu kuliko mikrogramu. Hiyo ni kazi ya maabara.

Kama unauza kidogo, changeni boksi na wenzako. Kabla ya kulipa, angalia tarehe ya mwisho na umuulize muuzaji lilisafirishwaje, maana boksi lililoshinda juani kwenye gari sichukui hata kwa nusu bei.